Tusiwafunge midomo watoto wanaorudi kutoka Guangzhou

Sisi watu wa mpakani tunajua kuhesabu. Kila kinachovuka kati ya Gisenyi na Goma kina hesabu yake: ndoo ya nyanya, dazeni ya sahani, furushi la vitenge, hata kuku aliyefungwa miguu. Afisa wa forodha anahesabu, msukuma mkokoteni anahesabu, na mama mwenye mzigo anahesabu mara mbili kwa sababu hamwamini yeyote kati ya hao wawili. Lakini ipo mali moja inayoingia nchini kila mwaka na hakuna anayeiandika popote. Nayo ni yale yaliyomo vichwani mwa watoto wetu waliozaliwa ugenini.

Leo nataka kuwazungumzia watoto wanaorudi kutoka China, hasa mji wa Guangzhou, kwa kuwa ninao wawili katika ukoo wangu. Nimeona walichokuja nacho, na sasa naona jinsi tunavyokipoteza. Itabidi nianzie kwenye meza ya chakula, maana hapo ndipo nilipokiona. Msomaji anisamehe kama nitakawia kidogo kwenye nyama.

Mwezi wa saba mwaka 2024 nilisafiri kwenda Guangzhou pamoja na shangazi yangu. Yeye alifuata viatu vya watoto vya bei ya jumla, akiwa na pesa za wanawake ishirini wa upatu wake. Mimi nilikwenda kumsaidia mdogo wangu, tuliozaliwa naye tumbo moja, kufunga mizigo. Alikuwa ameishi huko na mumewe miaka kumi na mitatu, wakijaaliwa watoto wawili: msichana wa miaka 11 na mvulana wa miaka 7. Biashara yao ilikuwa imevunjika tangu mipaka ya China ilipofungwa Machi 2020, na ilipofunguliwa tena Januari 2023 wateja wao wa zamani walikuwa wamekwisha kujifunza kuagiza kwa simu. Kibali cha kukaa nacho kilikuwa kinakaribia kwisha. Wenye kufikiri kwamba mtoto akizaliwa China anakuwa Mchina wajue kwamba sivyo. Baba na mama wakiwa wageni, mtoto naye ni mgeni. Na tangu sheria ya mwaka 2013, anayekaa baada ya viza kwisha anatozwa yuan 500 kwa kila siku hadi zifike 10,000, au anawekwa ndani siku 5 mpaka 15. Shemeji yangu si mtu wa kucheza na mambo hayo. Akasema turudi mapema, kwa heshima yetu.

Siku mbili kabla ya kuondoka, jirani yao mmoja, bikizee wa Kichina, alitualika sote kula chakula cha jioni katika mkahawa wa nyama za kuchoma. Watoto humwita Popo. Hilo ndilo jina ambalo watu wa Guangzhou humwitia bibi mzaa mama, na pia mwanamke yeyote mzee anayestahili heshima.

Ni lazima niseme Popo ni nani, ili msomaji ajue kwa nini hatukuweza kukataa. Aprili 2020 Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa katika nyumba na hoteli walizolipia, wengine wakalala barabarani, wengine wakafungiwa ndani ingawa hawakuwa wamesafiri popote, na ikawa Mwafrika akiingia kula anaonyeshwa mlango. Mambo hayo hayakuwa siri. Mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliandika barua ya malalamiko, na Moussa Faki, aliyekuwa mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, alimwita balozi wa China kumweleza kutoridhika kwake. Mdogo wangu na familia yake walifungiwa ndani siku kumi na nne bila mtu kuwaambia sababu. Katika siku hizo, kila jioni, Popo alipandisha ngazi na kuning'iniza mfuko wa chakula kwenye kitasa cha mlango, kisha akagonga na kuondoka. Ndani ya mfuko kulikuwa na wali na nyama ya kuchoma iliyokatwakatwa. Watu wa Guangzhou wana desturi hiyo: mgeni akija ghafla, au siku ikiwa na jambo, hawawashi jiko upya. Anatumwa mtu dukani kukatiwa nyama ya kuongeza mezani. Kwao kumwambia mtu "nimekukatia" ni karibu sawa na sisi kusema "nimekuchinjia kuku".

Basi tukaenda. Mkahawa wenyewe uko katika wilaya ya Yuexiu, mwendo wa miguu kutoka mtaa wa Xiaobei ambao wafanyabiashara wetu wengi wanaujua. Dirishani, nyuma ya kioo, nyama inaning'inia kwenye ndoano kama nguo kwenye kamba: bata, bata bukini waliokuwa na rangi ya kahawia iliyoiva, mbavu za nguruwe zenye ngozi iliyofura vipele na kukauka, na vipande virefu vyekundu viitwavyo char siu. Chini yake kuna gogo la mti la duara. Mkataji ana kisu kipana kizito, na anakata nyama pamoja na mfupa wake, pa, pa, pa, bila kutazama vidole vyake.

Ndugu zangu wa akabenzi, mnaokaa baa saa nzima na nusu mkingoja nyama ya nguruwe huku chupa zinaongezeka, mngeona wivu. Pale hakuna kungoja. Kazi ilikwisha kufanywa tangu alfajiri. Bata bukini hupulizwa hewa kati ya ngozi na nyama mpaka afure, akamwagiwa maji ya moto, akapakwa siki na asali ya nafaka, akatundikwa saa nyingi akauke, ndipo akaingia katika tanuri akiwa bado ananing'inia. Mafundi wa zamani wanapenda kuni za mti wa lichi. Kwa hiyo ngozi inavunjika mdomoni kama chapati kavu, na nyama iliyo chini inatoa maji. Huletwa ikiwa vuguvugu tu, pamoja na mchuzi mtamu wenye uchachu wa matunda. Mwanzoni nilidhani imepoa kwa uzembe wa jikoni, kisha nikaona meza zote ni hivyo.

Kabla ya kula, chai ya moto inamiminwa kwenye vikombe na bakuli kuvisuuza, kisha inamwagwa katika beseni la kioo lililo katikati ya meza. Shangazi alipoona beseni lile akanyoosha mikono anawe. Popo alicheka mpaka akafuta machozi, naye akanyoosha yake.

Shangazi ni Mwislamu. Hapo ndipo mpwa wangu, yule msichana, alipoanza kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Alimwambia kwa Kiswahili, polepole, "Bibi, hapa wakiandika nyama peke yake, bila kusema ng'ombe au kondoo, maana yake ni nguruwe. Na bata pia usile. Tanuri ni moja." Akamgeukia mhudumu, akauliza kwa Kichina kama kuna samaki wa kupikwa kwa mvuke, na kama mboga zinaweza kupikwa kwa mafuta ya karanga katika sufuria iliyooshwa. Mhudumu akaenda jikoni, akarudi, wakabishana kidogo, binti akatikisa kichwa, mhudumu akaenda tena. Mwisho samaki akaja na tangawizi na majani ya vitunguu, na mboga za kijani, na wali mweupe. Popo alipofahamishwa sababu alishika kichwa kwa aibu ya kumwalika Mwislamu mahali kama hapo, akasema angejua angetupeleka kwa Wahui. Shangazi akamwambia asijali. Kesho yake binti huyohuyo alimpeleka kuswali katika msikiti wa Huaisheng, unaohesabiwa kati ya misikiti mikongwe kabisa ya China, kisha akamlisha tambi za watu wa Lanzhou, halali kabisa.

Nawaomba wafanyabiashara waisome tena aya hiyo. Wangapi wamekwenda Guangzhou mara tano, wakaonyesha kidole kwenye picha ukutani, wakala nguruwe huku wakijua ni ng'ombe?

Chakula kiliendelea. Paja la bukini liliwekwa kwenye bakuli la mvulana, kwa kuwa kwao pia kipande kizuri ni cha mtoto. Mvulana akamwaga chai juu ya nguo ya Popo. Popo akamwambia neno ambalo meza ya jirani ililicheka, na mpwa wangu akatufasiria: "Anasema ni afadhali angezaa kipande cha char siu kuliko kuzaa mtoto kama huyu." Ni usemi wao wa kawaida, mama wa Kikantoni huutumia kwa mtoto mtundu, na hauna ubaya ndani yake. Shangazi akajibu, "Mwambie hata mimi nisiyeila, ninao wana wawili ningebadilishana leo hii." Binti akafasiri. Wale wazee wawili wakashikana mikono juu ya meza kama watu waliosoma darasa moja.

Ndipo shangazi akakumbuka viatu.

Alikuwa na dalali, mtu wa huku kwetu anayeishi Guangzhou, ambaye nitamwacha bila jina. Dalali huyo alimwambia bei ya kiwandani ni yuan 38 kwa jozi, na ili kumthibitishia alimtumia kwenye WeChat sauti za muuzaji mwenyewe akizungumza. Alijua mama wa Gisenyi hataelewa neno. Shangazi, kwa furaha ya chakula, akamsogezea binti simu: "Hebu nisikilizie huyu mtu, ana sauti nzuri." Binti akaweka simu sikioni, akiwa bado na kipande cha nyama kwenye vijiti. Akasikiliza mara mbili. Akasema, "Bibi, hapa anasema thelathini na moja. Na anasema akichukua jozi mia sita atampunguzia tena."

Meza ilinyamaza. Fanyeni hesabu wenyewe. Jozi 600, yuan 7 kwa kila jozi, ni yuan 4,200. Kwa viwango vya wakati ule ni zaidi ya faranga laki saba na nusu za wanawake ishirini, baadhi yao wajane, wanaoweka faranga elfu mbili mbili kila Jumamosi. Sisemi dalali asile. Dalali anastahili ujira wake, na ujira huo hutajwa mapema. Ile ilikuwa kitu kingine. Siku iliyofuata shangazi alikwenda sokoni na shemeji yangu, akalipa asilimia 30 kama ilivyo desturi, akabakiza 70 za kulipa mzigo ukiwa tayari, kwa bei ya 31.

Lakini nilimwona mdogo wangu mezani pale. Hakufurahi kama sisi. Alichukua simu mkononi mwa binti yake, akairudisha kwa shangazi na kusema kwa upole, "Shangazi, huyu ni mtoto. Muache ale." Nakubaliana naye, na nitalirudia hilo mbele.

Kuhusu bili, Popo na shemeji waliivutana mpaka karatasi ikachanika. Ilikuwa yuan mia nne na kitu. Popo alishinda kwa sababu, kumbe, alikuwa amekwisha kulipa tangu alipokwenda msalani.

Sasa tuje nyumbani. Familia ilifika Agosti 2024, na Septemba watoto wakaanza shule. Msichana aliyekuwa anakwenda darasa la sita alirudishwa la nne, kwa kuwa Kiingereza chake ni hafifu na Kinyarwanda chake cha nyumbani hakijui kuandika. Hilo linaeleweka kwa kiasi fulani. Lisiloeleweka ni kwamba mkuu wa shule hakuuliza hata mara moja anajua nini. Binti anasoma na kuandika herufi za Kichina zaidi ya elfu mbili. Anazungumza Kichina cha darasani, na zaidi ya hicho anazungumza Kikantoni, alichofundishwa na Popo, ambacho ndicho wauzaji wengi wa Guangzhou hunong'onezana wakijua mteja wa kigeni aliyejifunza Kichina cha chuo hakishiki. Katika fomu ya shule hapakuwa na sehemu ya kuandika hayo. Uwanjani anaitwa "Mchina", na mdogo wake anavutwa macho kwa vidole. Miezi michache baadaye wakaacha kuzungumza Kichina wao kwa wao. Popo anapopiga simu ya video mvulana anatabasamu tu, na dada yake anamfasiria. Yule aliyemwagia chai nguo, leo anahitaji mkalimani kumsalimia.

Wasomaji wangu waliorudi baada ya 1994, je, hamjasikia wimbo huu? Aliyetoka Uganda aliitwa Msaja, aliyetoka Zaire aliitwa Mdubai, aliyetoka Tanzania alikuwa TZ. Tuliofika na Kiswahili tuliambiwa hiyo ni lugha ya sokoni, ya madereva na wahuni. Wazazi wengine wakawakataza watoto kuizungumza hata nyumbani, ili wasichekwe. Kisha mwaka 2007 nchi ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa lugha rasmi. Watoto waliokatazwa, sasa ni watu wazima, wakaanza kutafuta mwalimu wa kuwafundisha kwa malipo kile walichokuwa nacho bure wakiwa na miaka saba. Ninawafahamu wawili. Mmoja ni wakili.

Na hapa Rwanda tunalipia Kichina. Taasisi ya Confucius ipo Kigali tangu mwaka 2009, na vijana wetu hukaa humo wakianza na "nihao". Ni jambo jema, nawapongeza. Ila tazama kichekesho chenyewe: upande mmoja wa mji kijana wa miaka 22 anahangaika na herufi ya kwanza, upande wa pili mtoto wa miaka 11 anafichwa herufi zake kama mtu anayeficha ukoma. Taasisi hiyo ingefungua mlango wake Jumamosi asubuhi kwa watoto waliorudi, kwa saa mbili tu, wakasoma hadithi na kucheza, ingepata wanafunzi ambao kwa miaka michache wangekuwa walimu. Rubavu na Rusizi hatuko mbali na maana hiyo kuliko Kigali. Mabohari ya mpakani yamejaa maboksi ambayo hatujui hata yameandikwa nini.

Wazazi mlio bado huko, mnaofunga mizigo: kabla hamjaondoka, mpelekeni mtoto akafanye mtihani wa Kichina, ule wa YCT kwa wadogo au HSK kwa wakubwa. Ni karatasi inayotambulika, na akifanya nyumbani miaka mitatu baadaye atashindwa. Vyeti vyake vya shule visirudi mikono mitupu bila muhuri. Katika begi, toeni jozi moja ya viatu mtie vitabu vyake. Viatu vya Guangzhou vinapatikana Gisenyi, vitabu vile havipatikani.

Walimu nao, naomba wasinielewe vibaya. Sisemi mtoto apandishwe darasa kwa sababu anajua Kichina. Hesabu ni hesabu na Kiingereza ni Kiingereza, nacho ndicho lugha ya kufundishia tangu uamuzi wa mwaka 2008. Nasema kumrudisha nyuma madarasa mawili bila kumpima hesabu, ambayo yeye aliifanya kwa kiwango cha juu kuliko wenzake, ni uvivu. Na kumwachia uwanja mzima amwite Mchina huku mwalimu wa zamu amesimama na kikombe cha chai ni uvivu mwingine.

Nikarudi kwa lile la mdogo wangu mezani. Ipo hatari ya upande wa pili, nayo naiona inakuja mbio. Habari za yuan saba zilifika Gisenyi kabla ya mzigo wenyewe. Tangu hapo wanawake wa upatu, na wanaume ambao si wa upatu, wanagonga kwa mdogo wangu jioni wakiwa na simu mkononi: "Niitie binti anisikilizie dakika mbili." Dakika mbili zinakuwa arobaini. Mara mbili muuzaji wa ng'ambo alipogundua anazungumza na mtoto alitukana, na mtoto alielewa tusi lote. Huo nao ni wizi, kama ule wa dalali. Tofauti ni kwamba dalali aliiba pesa, sisi tunaiba usingizi wa mtoto mwenye mtihani wa kitaifa mbele yake. Wapo vijana wa Kinyarwanda na wa Kikongo waliosoma vyuo vya China, wakarudi na shahada, na wanatafuta kazi. Ushirika wa wafanyabiashara ukichanga unaweza kumlipa mmoja kwa mwezi. Wanawake ishirini waliookolewa faranga laki saba na nusu hawawezi kusema hawana.

Nimemwambia shangazi hivyo. Amekubali kutafuta mtu, lakini ameomba binti abaki kumsikilizia yeye peke yake, Jumamosi baada ya kufua, kwa kuwa huyo mtu mpya naye hajui kama ni mwaminifu. Nilimuuliza atamlipa kiasi gani. Akasema mtoto wa nyumbani halipwi. Tumebishana wiki mbili, na kwa sasa tumefika faranga elfu moja kwa kila sauti, pamoja na simu moja ya video kwa Popo, ambayo shangazi ndiye anayenunua bando lake na ambayo mvulana lazima awepo.